Aliyeambiwa Arudi Kupimwa Masikio, Arudi

Kwa wazazi na walezi wa Buzuruga na kata jirani, Manispaa ya Ilemela

Manung'uniko tumeyasikia: mtoto mchanga amepimwa masikio, kisha mnaambiwa mrudi tena, na nauli hamna. Tunayaelewa. Lakini mzazi aliyeambiwa arudi akakaa nyumbani anatutia hofu kuliko wote.

Kipimo hakiumizi. Mtoto akiwa amelala, kifaa kidogo huwekwa mlangoni mwa sikio, hutoa sauti ndogo na kunasa mwitikio wa sikio la ndani. Hakuna sindano. Asipofaulu mara ya kwanza, si kwamba ni kiziwi. Huenda majimaji ya uzazi bado yamo sikioni. Wengine hulishika neno hilo la majimaji, wakaishia hapo. Kipimo cha pili ndicho kinachoondoa shaka. Rudi.

Nyumbani bibi atapiga sufuria nyuma ya mtoto, mtoto ageuke, wote mfurahi. Mtoto huona kivuli, huhisi mtikisiko. Tena kiziwi naye hulia, hucheka na kutoa visauti miezi ya mwanzo kama wenzake. Msijipimie. Na mafuta, maziwa ya mama au maji ya majani yasitiwe sikioni. Yasitiwe!

Hesabu inayofuatwa duniani ni miezi 1, 3 na 6: apimwe kabla ya mwezi 1, daktari athibitishe kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Ukingoja mwalimu wa chekechea alalamike, umri bora wa kujifunza lugha umeshapita. Kama hajapimwa, uliza mapema, usivuke chanjo ya wiki ya 6. Kama kituoni kipimo hakipo, omba rufaa kwa madaktari wa masikio, pua na koo, Bugando.

Mtoto njiti, aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, na aliyechomwa sindano za dawa ya jentamisini siku nyingi, hata akifaulu aendelee kufuatiliwa. Vivyo hivyo ambaye mama yake aliugua rubela akiwa mjamzito. Hapo tuna haki ya kujivuna: chanjo ya surua na rubela inatolewa nchini tangu 2014, bila malipo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia utotoni unazuilika.

Akithibitishwa, zipo njia: shimesikio, Lugha ya Alama ya Tanzania ianzie nyumbani, na kwa baadhi, upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu, unaofanyika Muhimbili tangu 2017. Matibabu ya walio chini ya miaka 5 ni bure kwa sera katika vituo vya serikali. Vifaa vina taratibu zake, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini.

Mama, baba, kama mtoto wenu aliambiwa arudi na bado yuko nyumbani, chukueni kadi yake ya kliniki mwende kesho asubuhi.