NAMBARI YA MWENZAKO: SOMO KUTOKA MAKTABANI

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mimi methali hii nilikuwa nikiiandika katika insha tu, hadi iliponipata kweli.

Mwaka wa 2024 nilikuwa msaidizi wa maktaba. Rekodi zetu zilikuwa ndani ya Microsoft Access kwenye kompyuta moja. Zilipozidi kuwa nyingi, majedwali yakahamishiwa SQL Server katika chumba cha kompyuta. Fomu za Access zikabaki kwetu maktabani, zimeunganishwa na seva hiyo. Nilifurahi ajabu!

Mwezi wa Novemba, ndugu mmoja wa kidato cha nne akaja kusainiwa fomu ya kuondoka shuleni. Kompyuta ikasema ana deni la kitabu cha Fizikia. Akaapa kwamba hajakigusa. "Kompyuta haidanganyi," nikamjibu kwa kiburi. Maskini, akarudi bwenini bila sahihi.

Mwalimu wa kompyuta aliposikia, akaniambia, "Hebu sajili mwanachama mpya, halafu usibonyeze kitu. Tazama tu." Nikaandika jina, nikahifadhi. Lo! Jina likatoweka, pakatokea la mwanachama nambari 58. Yule mpya alikuwa salama kwenye seva, ila kwa nambari 630. Kumbe nilipokuwa nikisajili mgeni na kumwazima kitabu papo hapo, deni lilimwendea mwingine!

Sababu ni hizi:

Kwanza, katika jedwali la Access lenyewe, nambari inayojizalisha hutolewa mara tu unapoanza kuandika. SQL Server, kwa safu yenye sifa ya IDENTITY, huitoa wakati wa kuhifadhi. Kwa hivyo Access hulazimika kuuliza, "Umenipa nambari gani?"

Pili, swali hilo huuliza kwa @@IDENTITY. Jibu lake ni nambari ya mwisho iliyozalishwa katika muunganisho huo, hata kama ni ya jedwali jingine.

Tatu, sisi wenyewe tulikuwa tumeweka triga, yaani amri inayojiendesha rekodi inapoingia. Yetu iliandika katika jedwali la kumbukumbu kila mwanachama aliyeongezwa. Jedwali hilo nalo lilikuwa na IDENTITY yake, na siku hiyo ilikuwa imefika 58. Access ikajibiwa 58, ikamleta mwanachama wa 58. Kama hakuna mwenye nambari hiyo, fomu huweza kuonyesha #Deleted, nawe ukadhani rekodi imefutwa ilhali ipo.

Je, tiba ni ipi?

1. Ondoa IDENTITY katika jedwali la kumbukumbu. Ufunguo wake uwe nambari ya mwanachama pamoja na tarehe na saa. Triga isipozalisha nambari, @@IDENTITY hurudisha ile ya mwanachama.

2. Ukiandika amri zako mwenyewe kwenye seva, tumia SCOPE_IDENTITY(). Hiyo haihesabu nambari zilizozalishwa na triga.

3. Ukiona nambari zimeruka, usishtuke. Rekodi ikikataliwa wakati wa kuhifadhi, nambari yake huweza kupotea. Pengo si wizi.

Na yule ndugu? Nambari yake ilikuwa 41. Tukafungua mstari wa 41 wa kumbukumbu, tukakuta mgeni wa kidato cha kwanza, mwanachama 613, aliyesajiliwa siku ile ile kitabu kilipoazimwa. Tulipomwuliza, akakitoa sandukuni bila wasiwasi wowote. Alijua fika ni yeye aliyekiazima!

Nilikimbia hadi bwenini nikamwomba mwenzangu msamaha, na fomu yake ikasainiwa jioni hiyo. Tangu hapo, kabla ya kumdai mtu, nasoma jina lililo mbele yangu mara mbili. Kompyuta haikudanganya, ilijibu swali ambalo sikujua limeulizwa.

Zoezi: Kama mwanachama mwingine angesajiliwa baada ya yule wa 630, fomu ingeleta nambari gani? Jibu ukieleza sababu.

Kiswahili kitukuzwe!