Ganzi ya Mikono kwa Madereva wa Bodaboda wa Kibirizi: Spana Kabla ya Vidonge

Ganzi inayoingia vidoleni baada ya saa kadhaa za kuendesha pikipiki si ugonjwa mmoja, ingawa vijiweni huitwa kwa jina moja na kutibiwa kwa vidonge vilevile; ni dalili kwamba neva fulani imebanwa, imetikiswa mno au imeharibika mahali fulani kati ya shingo na ncha za vidole, na tiba hutegemea ni neva ipi na imeumia wapi. Kwa dereva wa Kibirizi, ambaye kazi yake ni kupandisha magunia ya dagaa kutoka mwaloni hadi mjini Kigoma au Mwandiga na kuwashusha abiria wanaowahi boti za Gombe na vijiji vya kaskazini kandoni mwa Ziwa Tanganyika, chanzo cha kawaida ni namna kifundo cha mkono kinavyokunjwa juu ya usukani. Kwa sababu hiyo makala haya yanashikilia kwamba spana itangulie, na duka la dawa lifuate ikibidi.

Katika kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba inayoweza kuitwa handaki la kifundo, ambayo sakafu na kuta zake ni mifupa midogo 8 na paa lake ni ukano mpana usiovutika. Ndani ya handaki hilo hupita kano 9 zinazokunja vidole pamoja na neva moja, neva ya kati, inayopeleka hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na inayoamuru misuli ya shina la kidole gumba. Kano zikivimba kidogo kwa kazi ya kukaza na kulegeza mchana kutwa, nafasi hupungua, na kwa kuwa paa halitanuki, kinachoumia ni neva. Mkunjo wa kifundo, uwe wa kuelekea mbele au nyuma, huongeza shinikizo ndani ya handaki mara kadhaa kuliko kifundo kilichonyooka, na hapo ndipo umbo la pikipiki linapohusika. Jambo lenyewe si geni kwa tiba, kwani daktari wa Uingereza James Paget aliandika mwaka 1854 juu ya neva ya kati iliyobanwa baada ya mfupa wa kifundo kuvunjika.

Kabla ya kugusa boliti yoyote, dereva anapaswa kuchora ramani ya ganzi yake. Ikiwa ganzi inakaa kwenye gumba na vidole viwili vinavyofuata, inamwamsha usiku wa manane, na inapungua akikung'uta mkono, basi neva ya kati ndiyo inayoshukiwa. Ikiwa inakaa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete iliyo jirani nacho, neva inayohusika ni ya ulna, ambayo haipiti katika handaki hilo bali hupita pembeni, chini ya kile kinundu cha kiganja kilicho upande wa kidole cha mwisho, mahali panapolalia usukani moja kwa moja. Waendesha baiskeli wa masafa marefu huipata sana ganzi hii ya pili. Kipimo cha nyumbani kinachosaidia ni kile kilichoenezwa na daktari mpasuaji wa Marekani George Phalen katika miaka ya 1950: migongo ya viganja hugusanishwa mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, kwa sekunde 60, na ganzi ikijitokeza katika vidole vya neva ya kati ndani ya muda huo, shaka huongezeka. Kipimo hiki hukosea mara kwa mara, hivyo hakitoshi peke yake kuhitimisha lolote.

Mtikisiko nao una sehemu yake. Injini ya silinda moja inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hutikisa usukani takriban mara 100 kila sekunde, na mikono huyapokea hayo juu ya mashimo na mawe ya barabara za vumbi. Kwamba mtikisiko huharibu mishipa midogo ya damu na neva za vidole ilionyeshwa na daktari Alice Hamilton mwaka 1918 alipowachunguza wachonga mawe ya chokaa wa Bedford, Indiana, ambao vidole vyao viligeuka vyeupe na kufa ganzi penye baridi. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, unamtaka mwajiri achukue hatua mtikisiko wa mikononi ukizidi mita 2.5 kwa sekunde ya mraba kwa wastani wa saa 8. Kijiweni hakuna anayepima. Joto la mwambao wa Tanganyika hupunguza sura hii ya vidole vyeupe, lakini anayepanda alfajiri hadi Kalinzi, kwenye vilima vya kahawa, huweza kuigundua kabla ya wenzake, na nahodha wa boti anayeshika mkono wa injini ya nje safari nzima yumo katika hatari hiyohiyo.

Marekebisho huanzia kwenye mikono ya klachi na breki, kwa sababu hapo faida ni kubwa na gharama ni ndogo. Pikipiki nyingi hutoka dukani mikono hiyo ikiwa imeelekezwa mbele karibu sambamba na ardhi, hali inayomlazimisha dereva ainue vidole na kukunja kifundo kwa nyuma kila anapotaka kuifikia. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kuu, dereva aketi kama anayeendesha na kuweka vidole viwili juu ya mkono wa klachi, na mwenzake atazame kutoka ubavuni kama mstari wa kiwiko, kifundo na vidole umenyooka. Usiponyooka, boliti ya kishikizo hulegezwa, mkono wa klachi huzungushwa chini kidogo kidogo hadi vidole viuangukie bila kunyanyuliwa, kisha boliti hukazwa kiasi kwamba pikipiki ikianguka mkono huo uzunguke badala ya kuvunjika. Baada ya hapo usukani hukatwa kulia na kushoto hadi mwisho ili kuhakikisha kwamba hakuna waya unaovutika.

Waya wa klachi uliokauka ni adui asiyeonekana, kwa maana humfanya dereva akaze kwa nguvu maradufu mamia ya mara kwa siku bila kujua kwamba kasoro si ya mkono wake. Waya hutolewa upande wa juu, hudondoshewa oili nyepesi hadi itokee chini, na ukiwa umechanika nyuzi hubadilishwa; ukirudishwa, huachiwa mchezo wa takriban milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono. Kwenye foleni ya kusubiri abiria gia iwekwe huru, kwani kushikilia klachi huku gia ikiwa imeingia ni kazi isiyolipwa nauli. Mkono wa kulia una tatizo lake: dereva aliyeshika mshiko wa mafuta kifundo kikiwa kimenyooka wakati injini imetulia hujikuta amekikunja nyuma anapofikia mwendo wa kazi, na hukaa hivyo hadi Mwandiga. Dawa ni kuushika mshiko kwa mbele zaidi kabla ya kuongeza mafuta, ili kifundo kinyooke wakati wa mwendo wenyewe.

Uzito wa mwili haupaswi kukaa viganjani. Magoti yabane tanki na kiuno kibebe kiwiliwili, jambo linaloshindikana kabisa anapopakia mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi, kwa kuwa dereva husukumwa mbele hadi juu ya tanki na mikono yake ndiyo inayozuia msukumo wote. Gunia lililofungwa nyuma mno nalo hulifanya gurudumu la mbele liwe jepesi, usukani hucheza, na dereva hujibu kwa kukaba zaidi. Vipande vya mpira vinavyozungushiwa mishiko hupunguza mtikisiko, ila vikizidi unene humlazimu mwenye kiganja kidogo kukaza zaidi, hivyo faida hupotea. Glovu zisiwe na mshono mnene kiganjani wala mkanda unaobana kifundo. Na mapumziko ya kijiweni hayawi mapumziko ikiwa kifundo kinakunjwa tena juu ya simu.

Usiku ndio wakati wa tiba rahisi kuliko zote, nayo ni banzi linalozuia kifundo kisikunjwe usingizini. Kibao chembamba kilichozungushiwa kitambaa, kinachoanzia katikati ya kiganja hadi theluthi mbili za kigasha, hufungwa bila kukaza, vidole vikiwa huru, kwa wiki 6 hivi. Dawa za maumivu hazipanui handaki. Na vitamini B6 inayonunuliwa holela kwa ajili ya ganzi, ikinywewa kwa kipimo kikubwa kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi. Daktari anaweza kuchoma sindano ya steroidi ndani ya kifundo, ambayo mara nyingi hutuliza kwa miezi.

Zipo ganzi zisizohusiana na pikipiki hata kidogo, nazo hazistahili kusubiri. Ganzi iliyoanzia miguuni hudai kipimo cha kisukari. Iliyoanza baada ya kuanza dawa za kifua kikuu huweza kutokana na isoniazidi, na kliniki iliyotoa dawa ndiyo ya kurudiwa. Na ganzi inayoambatana na baka lisilohisi mguso hudai uchunguzi wa ukoma, ambao bado upo Tanzania, unapona na hutibiwa bure. Misuli ya shina la gumba ikisinyaa, au vitu vikianza kumponyoka mtu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ndiyo njia, kwa sababu neva iliyobanwa mno huweza isirudi hata ikifunguliwa. Upasuaji wenyewe ni wa kukata ule ukano wa paa, kwa kawaida chini ya ganzi ya sehemu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kilicho kigumu ni wiki zinazofuata, ambazo mkono haupaswi kukaba usukani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, humhudumia mwajiriwa anayechangiwa na mwajiri wake, ilhali dereva mwenye pikipiki ya mkataba hana mwajiri bali ana tajiri, yaani mwenye pikipiki, anayesubiri hesabu, yaani malipo ya mkataba. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mizigo ya mwaloni ilikuwa na sababu ya kupungua, na msimu wa namna hiyo ndio unaofaa kupangiwa banzi, sindano au upasuaji. Nje ya msimu huo, mkataba unaofaa kusainiwa ni ule unaotaja mapema kwamba dereva akiugua, deiwaka, yaani dereva wa kushika zamu kwa muda, anayekubalika na pande zote mbili ataendesha na hesabu itaendelea kuhesabiwa kwa jina la mwenye mkataba.