Picha za Zamani na Kumbukumbu za Wazee katika Kufundisha Historia ya Mtaa

Mwanachuo anayepangiwa kufundisha historia katika shule ya mjini aghalabu hulalamika kwamba hana zana. Kitabu cha kiada hakiwatoshi wanafunzi, na mambo yaliyomo yalitokea mbali na shule. Malalamiko hayo yana ukweli. Hata hivyo, zana mbili bora za somo hili zimo nyumbani mwa wanafunzi wenyewe: picha iliyotundikwa ukutani, na bibi aketiye chini yake. Shabaha ya makala hii ni kueleza jinsi ya kuzitumia zana hizo, na hasa jinsi ya kumzoeza mtoto kuzihoji. Mfano wetu ni Kariakoo, Dar es Salaam.

Maandalizi ya mwalimu

Mwalimu hana budi kujua kwanza mambo makuu ya mtaa wenyewe, ili aweze kuyapima yale yatakayoletwa na wanafunzi. Kuhusu Kariakoo, yafaa ajue haya. Wajerumani walijenga jengo kubwa mahali hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa mji, na wapagazi wa jeshi lao, waliojulikana kama Carrier Corps, wakapiga kambi hapo. Waswahili walilitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, jina lenye asili hiyo hiyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi. Baada ya vita jengo lile likawa soko. Soko jipya, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mwezi Julai 2021 liliungua moto.

Kuisoma picha

Makosa yanayoonekana mara nyingi wakati wa mazoezi ya kufundisha ni kuzungusha picha moja ndogo darasani huku mwalimu akiendelea kueleza. Mtoto wa mwisho huipata somo likiwa limekwisha. Afadhali uipige picha hiyo kwa simu na kutoa nakala chache, kisha uwagawe wanafunzi katika vikundi vya watu sita au wanane. Ikiwa nakala hazipatikani, ikuze kwa kuchora juu ya karatasi ya manila kwa njia ya miraba. Picha yenyewe irudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na asiandike mtu nyuma yake kwa kalamu ya wino.

Kila kikundi kichore jedwali la safu tatu: Ninachokiona, Nilichoambiwa, Ninachokisia. Tuseme picha inaonyesha nyumba ya Kiswahili ya udongo na miti, yenye baraza mbele na paa la makuti. Baraza na makuti vinaingia katika safu ya kwanza. Kwamba nyumba ilikuwa ya babu ni habari ya kuambiwa. Kwamba waliokaa humo walikuwa maskini ni kisio, na mtoto aulizwe: umejuaje?

Kisha wakadirie umri wa picha. Picha inayoonyesha lile paa la soko lililo mfano wa miamvuli haiwezi kuwa ya miaka ya hamsini. Yenye sanamu ya Askari iliyo katikati ya mji haiwezi kutangulia mwaka 1927. Waulize pia nani alisimama nyuma ya kamera. Mpiga picha wa serikali ya kikoloni na familia iliyokwenda studio wakati wa Idi hawakutaka kuonyesha jambo moja.

Kumhoji mzee

Swali pana, kama vile ‘Zamani maisha yalikuwaje?’, huzaa jibu pana. Wafundishe watoto kuuliza mambo madogo: Maji mliyateka wapi? Jirani yenu wa mkono wa kulia alikuwa nani? Ulipita njia gani kwenda shuleni? Mzee asiyekumbuka mwaka asisumbuliwe. Aulizwe kama ilikuwa kabla ya Uhuru au baadaye, kabla ya kuoa au baadaye. Mtoto amwamkie, aombe ruhusa, na asimkatize.

Kumbukumbu nazo zipimwe kwa heshima. Mzee akisema kwamba TANU ilizaliwa Mtaa wa Lumumba mwaka 1954, mtoto mwerevu atagundua tatizo: mwaka huo Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta huko Kongo, na mtaa uliitwa New Street. Je, mzee amesema uongo? La. Ametaja mahali pa zamani kwa jina la leo, kama tufanyavyo sote. Tukio ni la kweli. Jina ndilo lililokuja baadaye.

Kumbukumbu zinapopingana

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha. Katika darasa moja anaweza kuwamo mjukuu wa mwenye nyumba aliyenyang'anywa na mjukuu wa mpangaji aliyefurahi. Mwalimu asilikwepe jambo hilo, wala asimpe ushindi mmoja wao. Aandike kauli zote mbili ubaoni, aeleze sheria ilivyosema, kisha awaulize wanafunzi kwa nini watu wawili wa mtaa mmoja wakumbuke mwaka mmoja kwa namna mbili. Hapo watoto watakuwa wanafanya kazi ya mwanahistoria.

Kazi hii haingojei. Nyumba za baraza Kariakoo zimevunjwa moja baada ya moja kupisha maghorofa. Picha huliwa na mchwa. Na mzee akizikwa, maelezo ya picha yake huzikwa pamoja naye. Wapagazi waliouachia mtaa jina lao wengi wao hawana kaburi lenye alama. Mtoto anayepita hapo kila siku bila kujua jina hilo limetoka wapi amenyimwa haki yake, na mwalimu wake ndiye awezaye kumrudishia.

Zoezi kwa mwanachuo

1. Tafuta picha moja ya mtaa unaokaa, iliyopigwa kabla hujazaliwa, na uijazie jedwali la safu tatu.
2. Wahoji wazee wawili, mwanamume na mwanamke, kuhusu picha hiyo. Onyesha walipokubaliana na walipotofautiana.
3. Tayarisha andalio la somo la dakika arobaini kwa darasa la tano, ukitumia uliyoyapata.