Hasira Nazo Huenda Hija

Wadogo zangu, Juni imepita, malengelenge yamekauka, na barua zenu za hija ya Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, zimenifikia. Nyingi ni za shukrani. Mbili zinahitaji kikao, basi vuteni viti.

Ya kwanza ni ya binti wa Bukoba aliyetembea na kundi la parokia yake. Alitoka nyumbani na nia moja, kumwombea mama yake mgonjwa. Anasema hadi Mutukula rozari ilikwenda vizuri. Walipovuka mpaka kuingia Uganda, kila alipoanza fumbo jipya alimwona kaka yake, yule aliyeuza kipande cha kibanja cha marehemu baba bila kumwambia mtu. "Dada, nilitembea na chuki mpaka Namugongo. Wenzangu walilia kwa furaha, mimi sikutoa hata chozi. Je, hija yangu ni bure?"

Si bure, mdogo wangu. Hasira ile haikuzaliwa barabarani, ulitoka nayo Bukoba. Nyumbani tuna pa kuificha: kuna kazi, kuna simu, kuna watoto wa kuogesha. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Nyimbo zinaimbwa mpaka zinaisha, hadithi zinakwisha, kila mtu anabaki na pumzi yake. Mkifika Kayabwe kwenye alama ya ikweta, watalii wanapiga picha, ninyi hata kutabasamu ni kazi. Hapo ndipo lililokaa moyoni tangu msiba linapopanda juu. Mwili uliochoka hauwezi kuigiza.

Wengi wakifikia hapo hudhani shetani amewavamia, wanaongeza sauti ya wimbo ili wasijisikie. Ushauri wangu ni tofauti. Mama yako endelea kumwombea, lakini tambua kwamba nia ya pili imejitokeza yenyewe, na yenyewe ndiyo iliyokuwa inakusumbua zaidi. Mwambie Mungu kama ulivyoniambia mimi, bila kulainisha: kaka ameuza kibanja chetu, nimemchoka. Halafu toa fumbo moja kwa ajili ya kaka huyo, hata kama unalisali meno yamekazana. Hisia nzuri si sharti la sala. Watu waliolia Namugongo walijaliwa machozi, wewe ulijaliwa kuona kidonda chako. Sidhani kama ulipunjwa.

Najua swali linalofuata: "Kwa hiyo nimsamehe, kibanja kiende?" Nani amesema hivyo? Tuwaangalie hao hao mashahidi tuliowaendea. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtu mkubwa katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Askofu Hannington wa Kianglikana alipouawa Busoga mwezi Oktoba 1885, Balikuddembe alimkemea Mwanga kwa kumuua mtu bila hata kumsikiliza. Tarehe 15 Novemba mwaka huo akauawa yeye, Mkatoliki wa kwanza katika wale mashahidi. Kabla ya kufa alimtuma mnyongaji apeleke ujumbe kwa Kabaka: kwamba amemsamehe, na kwamba atubu. Umeona? Msamaha na ukweli alivituma kwa mjumbe mmoja. Hakumdanganya Mwanga kwamba hakuna kilichotokea.

Basi na wewe fanya hivyo. Msamehe kaka yako, kisha itisha kikao cha wazee wa ukoo. Wakishindwa, baraza la ardhi lipo. Tofauti ni kwamba ukienda umesamehe, utadai haki ya mama na wadogo zako, hutadai kumwona kaka akiaibika. Na ukikuta moyo bado unataka aibu yake, rudi tena kwenye lile fumbo la rozari. Kazi hii haiishi kwa safari moja, na wala asikudanganye mtu.

Kama unaona hasira imekuondoa katika kundi la watakatifu, msikilize na huyu: Bruno Sserunkuuma, askari katika walinzi wa Kabaka. Simulizi za Kanisa zinamkumbuka kama mtu wa hasira za karibu. Alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na wenzake, na leo tunaita jina lake kwenye litania.

Barua ya pili imetoka kwa kijana wa Kisumu. Goti lilimvimba Iganga, viongozi wa kundi wakampandisha gari mpaka Kampala. Tangu arudi, wenzake kwenye jumuiya wanamwita "hujaji wa gari", na yeye mwenyewe ameanza kuamini kwamba alidanganya.

Mdogo wangu, waambie wenzako wahesabu vizuri. Mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964 ni 22. Waliofia Namugongo siku ile ya moto, akiwamo Karoli Lwanga, ni 13 tu. Wengine walifia kwingine, na baadhi yao walifia njiani wakiwa wamefungwa. Ponsiano Ngondwe aliuawa Ttaka Jjunge wakati mateka wanatolewa Munyonyo kupelekwa Namugongo. Gonzaga Gonza, mtu wa Busoga, alikuwa na minyororo iliyomla miguu. Aliposhindwa kuendelea, wakamuua kwa mikuki huko Lubowa tarehe 27 Mei. Hawakufika Namugongo, lakini kila tarehe 3 Juni tunawasherehekea na wenzao. Kama Kanisa halikuwakata Gonza na Ngondwe kwa kuishia njiani, jumuiya yenu inapata wapi ubavu wa kukukata wewe?

Tena kukubali kupanda gari kuna somo ambalo wenye magoti mazima hawakulipata. Kijana anayezoea kubeba mizigo ya wengine hupata shida sana kubebwa. Wewe ulibebwa hadharani. Wakikutania, cheka nao, kisha waombe mwaka ujao wakuweke kwenye kamati ya wagonjwa, maana sasa unajua wanavyojisikia.

Sasa ninyi mnaotaka kutembea mwakani, dada anasema mapema. Viatu vipya mviache dukani au mvivae miezi kadhaa kabla. Pakeni mafuta ya mgando katikati ya vidole kila asubuhi, mvae soksi kavu, na lengelenge msilipasue kwa sindano ya kushonea. Uganda magari hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo tembeeni kulia mkiyatazama yanayokuja, na alfajiri mvae kitu kinachong'aa. Wasichana, bebeni pedi hata kama tarehe hazijafika, na msiende vichakani peke yenu. Mwenye presha au sukari amwone daktari kwanza, na dawa abebe mwenyewe mfukoni. Mei ni mwezi wa mvua, msisahau nailoni ya kufunika begi. Mkenya huvuka kwa kitambulisho chake, Mtanzania ashughulikie pasipoti au hati ya muda mapema, na sote tuwe na cheti cha homa ya manjano.

La mwisho ni kuhusu nia. Iandike kwenye karatasi kabla ya kuondoka, lakini acha nafasi chini yake. Njiani litajitokeza jina la mtu ambaye hukupanga kumwombea. Liandike pale pale, hata kama mkono unakataa. Mazoezi hayahitaji kungoja Mei: Jumapili hii nenda misa kwa miguu, zima simu, uone ni nani atakayekuja akilini kabla hujafika kanisani.