Visichanganywe Kabla ya Wakati: Somo Kuhusu Mifuko ya Dripu



Katika toleo hili tunawaletea somo kuhusu mifuko ya dripu yenye vyumba viwili au vitatu. Kamati zetu huulizwa mara nyingi na wafadhili, "Tuwaletee nini?" Jibu likitolewa bila kuvielewa vifaa, stoo hujaa lakini mgonjwa hukosa. Kwa zahanati za Tunduma, Momba, Mbozi, Ileje na Songwe, jambo hili linagusa uhai wa watu.

MFUKO HUO NI NINI?

Mfuko wa dripu tuliouzoea una chumba kimoja chenye maji ya aina moja. Mfuko wa vyumba vingi umegawanywa ndani kwa mshono wa plastiki usio mgumu sana, na kila chumba kina kitu chake. Mhudumu anapoukunja na kuubana kutoka juu, mshono hufunguka ndani kwa ndani. Vitu huchanganyika bila kuingiliwa na vijidudu vya nje.

Kwa nini visichanganywe kiwandani? Zipo sababu tatu.

Kwanza, sukari na asidi amino (ambazo hujenga protini) zikipashwa moto pamoja wakati wa kuua vijidudu hugeuka rangi ya kahawia, kama mkate unavyobadilika tanuruni, na ubora wake hupungua. Pili, bikaboneti na kalsiamu zikikaa pamoja hufanya chembe kama za chokaa, ambazo ni hatari mshipani. Tatu, dawa nyingi hudumu kwa muda mrefu zikiwa unga mkavu, lakini zikishatiwa maji huharibika upesi.

Mifuko hii hutumika zaidi katika hospitali kubwa, kwa mfano kumlisha kwa mshipa mgonjwa asiyeweza kula, au kumsafisha damu mgonjwa wa figo. Ina hatari yake pia. Mhudumu akisahau kufungua mshono, mgonjwa hupata upande mmoja tu wa dawa. Kwa hiyo mfuko huu unamhitaji mtu aliyefundishwa.

KANUNI HIYO HIYO ZAHANATINI

Zahanati isiyo na mfuko wa namna hii bado inaitumia kanuni yake kila siku.

Chumvichumvi ya kuharisha (ORS) hukaa kavu kwenye pakiti. Huchanganywa na maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida lita moja, na yanayobaki baada ya saa 24 humwagwa. Mwaka 1971 Dk. Dilip Mahalanabis alitumia njia hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, maji ya dripu yalipokwisha. Chumvi na sukari zilifungwa kavu katika mifuko, zikachanganywa na maji palepale kambini. Vifo vya kipindupindu vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, huja ikiwa unga katika kichupa, pamoja na bikaboneti na maji ya chumvi katika vichupa vingine. Unga huyeyushwa kwanza kwa bikaboneti, kisha huongezwa maji ya chumvi, na dawa hutumika ndani ya saa moja. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa artesuneti ilipunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 22 kuliko kwinini. Kichupa kimoja kikikosekana katika seti hiyo, dawa haitayarishwi ipasavyo.

Vipo pia vitu visivyopaswa kukutana kabisa. Seftriaksoni haichanganywi na ringa lakteti, kwa sababu ringa ina kalsiamu. Kwa watoto wachanga chembe zinazotokea zimewahi kusababisha vifo.

TUPIGE HESABU

Tunduma ni mji wa mpakani. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA hupita hapo, na malori hupanga foleni siku nyingi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Zambia Oktoba 2023 uliua zaidi ya watu 700 nchini humo. Ugonjwa hauulizi pasipoti.

Mgonjwa mzima wa kilo 50 aliyeishiwa maji kabisa huhitaji mililita 100 kwa kila kilo, yaani lita 5 ndani ya saa tatu: lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza, na lita tatu na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata. Hiyo ni mifuko 10 ya nusu lita kwa mtu mmoja. Wagonjwa watano wakifika usiku mmoja, ni mifuko 50. Hapo mfuko wa kawaida wa ringa, sindano za kuwekea dripu na pakiti za ORS huokoa watu wengi kuliko mfuko wa gharama wa vyumba vitatu.

KAMATI IFANYE NINI?

1. Muulizeni kwanza mganga mfawidhi ni nini kinachopungua, ndipo mwandikie wafadhili.

2. Dawa za msaada kutoka nje zinahitaji kibali cha TMDA. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapofika nchini.

3. Hesabuni seti kamili, si maboksi. Unga bila maji yake ni nusu ya dawa.

4. Hifadhini mahali pakavu, pasipo jua wala joto kali. Zinazokaribia kuisha muda ziwekwe mbele.

5. Wafadhili, kumgharimia mhudumu mafunzo ni msaada mkubwa sawa na kutuma dawa.

MASWALI YA KUJADILI

Zahanati yetu ina mifuko mingapi ya ringa leo? Ingetosha wagonjwa wangapi? Artesuneti iliyopo ina vichupa vyake vyote? Nani huchanganya dawa usiku, na alifundishwa lini?

Jadilini maswali haya katika kikao kijacho kabla mvua hazijaanza, na majibu mtuandikie. Hayo ndiyo yatakayotuongoza tunapopanga misaada ya robo mwaka ijayo.