Mazoezi ya shuleni yatamkinga mwanangu?

SWALI: Daktari, shule ya mwanangu wa darasa la sita imepiga marufuku soda na kuanzisha mazoezi kila asubuhi. Yatamkinga na kisukari na presha? – Mama, Mbagala

JIBU: Mama, yanasaidia, ila peke yake hayatoshi. Marekani, utafiti wa HEALTHY wa 2006 hadi 2009 ulihusisha shule 42. Nusu zilibadilisha chakula, vinywaji na vipindi vya michezo. Watoto wenye uzito uliozidi walipungua pande zote mbili, kwa kiwango kinachokaribiana. Lakini kwenye shule zilizobadilika, watoto wenye viuno vipana walipungua zaidi na insulini ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa chini. Kwangu hilo ni kubwa: misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, kongosho linalotengeneza insulini likapumua.

Nenda ukayaone hayo mazoezi. Kunyoosha mikono mstarini hakutoshi. Mtoto aheme, atoke jasho. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 60 kwa siku, basi jioni mwache acheze mpira.

Tazama na nje ya geti, anakonunua soda akitoka. Chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Kama kwenu kuna mwenye kisukari, au mtoto amenenepa, mpeleke apimwe sukari na presha.