Kabla hujahukumu jicho la deki

Karibu kila barua niliyopokea kuhusu deki za DVD inakuja na hukumu: "Fundi wa mtaani kasema jicho limekufa," yaani kile kifaa cha leza kinachosoma diski. Nimechagua maswali yanayoniuma zaidi.

Shikamoo fundi. Deki inazungusha diski kidogo kisha inaandika hakuna diski. Nyingine inacheza vizuri, ikifika katikati ya filamu inaganda. Tununue jicho jipya?

Marahaba. Barua kadhaa zinauliza hili, nazijibu pamoja. Msinunue chochote bado. Aliyewaambia jicho limekufa bila kufungua kifuniko amekisia tu, na kisio lake mnalilipia ninyi. Chomoa deki ukutani, subiri, wala usiguse sakiti ya pawa: kepasita yake hubeba volti zaidi ya 300. Futa lenzi taratibu kwa kijiti cha pamba chenye spiriti safi kidogo, maana imening'inizwa kwa nyaya nyembamba mno. Kisha tazama reli. Diski husomwa kutoka ndani kwenda nje, hivyo jicho hutembea polepole kwenye reli mpaka filamu iishe. Grisi ya kiwandani ikizeeka na kunywa vumbi huwa ngumu kama nta, na jicho hunasa hapo. Kama kila diski inaganda karibu na dakika ileile, jicho lina kosa gani? Futa grisi kuukuu, paka mpya kidogo. Angalia pia kisahani cha mota kinachobeba diski. Kikishuka kwenye mhimili wake, diski inakaa mahali ambapo lenzi haiwezi kuilenga.

Dalili inayonifanya nilishuku jicho lenyewe ni hii: lenzi safi, CD zinasomeka, DVD hazisomeki kabisa. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa ya 650. Moja inaweza kuchoka, nyingine ikabaki nzima.

Jirani anasema nikizungusha kiskrubu kilicho ubavuni mwa jicho, leza inapata nguvu.

Usikiguse. Kinaongeza umeme unaoingia kwenye leza. Deki itasoma kwa muda, kisha leza itaungua. Nimepokea deki nyingi zilizouawa hivi.

Nimefunga jicho jipya, nalo halisomi.

Je, uliondoa tone la risasi? Majicho mengi hutoka kiwandani na tone dogo la risasi linalounganisha nukta mbili ili umeme tuli usiunguze leza. Ukishachomeka utepe wa nyaya, tone hilo huyeyushwa na kuondolewa. Likibaki, leza haiwaki.

Trei haitoki mpaka niipige.

Badilisha mkanda wa mpira. Na acha kuipiga.

Mafuta ya kupikia kwenye gia?

Hapana.

DVD ya harusi yangu imekwama ndani. Fundi anataka kuvunja trei.

Mwondolee deki hiyo mikononi leo, mwanangu. Chomoa umeme, fungua kifuniko, tafuta gia ya plastiki iliyo chini ya trei karibu na mkanda. Izungushe kwa kidole, pole pole; diski itashuka kwanza, kisha trei itaanza kutoka. Ikigoma upande mmoja, zungusha upande wa pili. Ukishaitoa, itengenezee nakala kabla hujaiweka kwenye deki hiyo tena.